Tuhoji mikataba ya kaboni, tusihoji kipimajoto

Katika mabaraza yetu ya mwambao, neno "tabianchi" limeanza kuwachosha watu. Semina moja ikiisha, nyingine inaanza. Wageni wanakuja na magari makubwa, wananchi wanaandikwa majina, wanapewa soda na nauli, na mwezi unaofuata mvuvi anarudi kwenye bahari ile ile na dau lile lile. Ndiyo maana si ajabu kumsikia mzee akisema kwamba mambo haya ni biashara ya wazungu, yametungwa juzi ili watu wale fedha za wafadhili. Na kijana mwenye simu anamuunga mkono kwa video aliyoiona mtandaoni.

Shaka hiyo ina nusu ya ukweli. Fedha zipo, na wanaozila pasipo kazi kuonekana wapo. Lakini nusu ya pili, ile ya kwamba sayansi yenyewe imetungwa, haina msingi. Na kwa watu wanaoishi kando ya maji, kuchanganya mambo haya mawili ni hatari. Anayedhani bahari haibadiliki hatajiandaa. Na asiyejua kaboni ni nini atatia saini mkataba wa msitu wa mikoko bila kujua anauza nini.

Elimu ya miaka 200

Mwaka 1824, wakati Mazrui wa Mombasa walipokuwa wakitafuta hifadhi ya Waingereza ili wajikinge na Seyyid Said, Mfaransa Joseph Fourier alichapisha mjini Paris maandishi juu ya joto la dunia. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema: jua linaipasha ardhi joto, na ardhi nayo inalirudisha joto hilo juu, basi ni nini kinachoizuia dunia isiwe baridi kuliko ilivyo? Jawabu lake ni kwamba hewa inayotuzunguka inaupitisha mwanga wa jua ukiingia, lakini inalichelewesha joto likitoka.

Mwaka 1856, mwaka aliofariki Seyyid Said akiwa safarini baharini, mwanamke wa Marekani aitwaye Eunice Foote alijaza hewa za aina mbalimbali ndani ya mirija ya kioo, akatia vipimajoto, akaianika juani. Mrija wenye hewa ya ukaa, ile inayotoka katika moto wa kuni na makaa na hata katika pumzi zetu, ulipata joto kuliko mingine na ukachelewa sana kupoa. Akaandika kwamba kama zamani hewa hiyo ilikuwa nyingi angani, basi dunia ilikuwa na joto zaidi. Maandishi yake yalisomwa na mwanamume katika mkutano wa wanasayansi, kisha jina lake likasahauliwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Miaka mitatu baadaye, huko London, John Tyndall alipima hewa moja moja na kuonyesha kwamba oksijeni na nitrojeni, ambazo ndizo nyingi zaidi, huliachia joto lipite. Zinazolizuia ni mvuke wa maji na hewa ya ukaa, ingawa ni chache.

Mwaka 1896, mwaka ambao reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kwenda bara, Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na kalamu na karatasi akapiga hesabu ndefu. Aliona kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa digrii 5 au 6. Hakuwa akimwonya mtu. Alikuwa akitafuta sababu ya zama za barafu. Tena, akiwa mtu wa nchi ya baridi, aliona joto kidogo lingekuwa neema kwa wenzake. Wakati huo hapakuwa na semina, wala mfuko wa tabianchi.

Wanasayansi walibishana wenyewe

Hata hivyo, wenzake hawakukubali tu. Mwaka 1900 Knut Ångström, Msweden mwenzake, alitoa pingamizi lililoonekana zito. Alisema hewa ya ukaa iliyopo tayari inalizuia joto lote inaloweza kulizuia, kama chumba kilichokwisha wekwa pazia nzito: ukiongeza pazia la pili giza halizidi. Kwa miaka mingi wengi waliona hoja hiyo imeizika hesabu ya Arrhenius.

Jawabu lilikuja polepole, na lilikamilika katika miaka ya 1950 vipimo vilipokuwa bora na kompyuta zilipoanza. Anga si pazia moja. Ni tabaka juu ya tabaka, na huko juu hewa ni nyembamba na kavu. Joto la dunia hutoroka kutoka tabaka hizo za juu. Ukiongeza hewa ya ukaa, mahali pa kutorokea panasogea juu zaidi, kwenye baridi zaidi, na kilicho baridi hutoa joto kidogo. Kwa hivyo joto linalobaki chini linaongezeka.

Kabla ya hapo, mwaka 1938, Mwingereza Guy Callendar alikusanya vipimo vya vituo 147 vya hali ya hewa akaonyesha kwamba dunia imeanza kupata joto, na kwamba makaa yanayochomwa viwandani yana mkono wake. Yeye alikuwa mhandisi wa mitambo ya mvuke, na wataalamu wa hali ya hewa walimsikiliza kwa shaka. Leo tunajua alikaribia sana ukweli.

Kilichobaki ni kupima hewa yenyewe. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na viwanda. Katika kila chembe milioni moja za hewa alipata chembe kama 315 za hewa ya ukaa. Kazi hiyo iliendelea hata baada ya yeye kufariki, na sasa zimepita 420. Tunajuaje kwamba nyongeza hiyo haikutoka baharini? Makaa na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, na aina ya kaboni inayoitwa kaboni-14 imekwisha ndani yake. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kwamba hewa ya dunia inazimuliwa na kaboni ya zamani isiyo na alama hiyo, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mwaka 1967 Syukuro Manabe, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitumia kompyuta pamoja na Richard Wetherald wakapata kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu joto litapanda kwa digrii kama 2.3. Manabe alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Makadirio ya sasa ya jopo la kimataifa la IPCC ni kama digrii 3. Kwa hivyo Arrhenius alizidisha, lakini njia aliyoifuata ilikuwa sahihi.

Hata wauza mafuta waliambiwa. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni ya Exxon aliwaeleza wakubwa wake jambo hili hili. Wanaotuletea video za kusema ni uongo wajiulize kwa nini kampuni yenyewe ilikuwa ikiarifiwa na wataalamu wake.

Jiwe la Malindi

Atakayesema hayo yote ni ya Ulaya na Marekani, ushahidi mmoja ulitoka hapa hapa kwetu. Tumbawe hujijenga tabaka kwa tabaka, mwaka hadi mwaka, kama pete za mti uliokatwa. Ndani ya kila tabaka kiasi cha aina tofauti za oksijeni hubadilika kulingana na joto la maji. Watafiti walitoboa tumbawe la Malindi, wakatoa nguzo ya jiwe, wakaisoma mwaka baada ya mwaka kwa miaka 194, kuanzia 1801. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2000, na miongoni mwa waandishi wake ni Mkenya, mwanasayansi wa bahari Nyawira Muthiga. Jiwe lilionyesha kwamba maji ya Malindi yameongezeka joto kwa hadi digrii 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19.

Wavuvi wetu waliyaona mengine kwa macho. Mwaka 1998, baada ya El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani iligeuka nyeupe na mengi yakafa, kwa sababu maji yakizidi joto tumbawe huutapika mwani mdogo unaolilisha. Mwaka uliofuata, 1999, wanasayansi wa Japani na India walieleza tabia ya Bahari Hindi ambayo haikuwa imeelezwa vizuri: kuna miaka upande wetu wa magharibi unapata joto na ule wa Indonesia unapoa. Ikiwa hivyo, vuli hunyesha kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, ikawa hivyo tena 2019, na 2023 mafuriko yakawahamisha watu wa Tana River.

Lakini tuwe wakweli. Si kila jambo limejulikana. Kuanzia miaka ya 1980 mvua za masika zimekuwa zikipungua katika Afrika Mashariki, ilhali hesabu nyingi za kompyuta zinasema eneo letu litapata mvua zaidi. Wanasayansi wenyewe wanakiita kitendawili. Kwamba dunia inapata joto na kwamba bahari inabeba zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada, hilo limethibitika. Masika ya mwaka fulani yatakuwaje Kilifi au Lamu, hilo bado lina shaka. Anayekuja na mradi akidai anajua yote, huyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Shaka iwekwe pake

Gazi, Kaunti ya Kwale, wananchi wa mradi wa Mikoko Pamoja wameuza kaboni tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Wanachouza ni ile hewa ya ukaa ya kina Foote na Tyndall, iliyohifadhiwa ndani ya mti na tope badala ya kwenda angani. Sasa wanunuzi wanazidi kubisha hodi. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inasema miradi ya ardhini iipatie jamii asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama, na pawe na mkataba wa maendeleo na jamii yenyewe.

Maswali ya barazani yanapaswa kuwa hapo. Mkataba ni wa miaka mingapi? Gharama hizo zinazokatwa kwanza anazipanga nani, na hesabu zake zinaonekana wapi? Mkata boriti na mvuvi wa kaa wanabaki na haki gani? Je, mkataba umesomwa kwa Kiswahili mbele ya wote kabla ya kutiwa saini? Serikali za kaunti zetu nazo zituambie fedha za tabianchi za kila wadi zimefanya kazi gani, ionekane kwa macho.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili limesemwa kwa miaka 200, na limeandikwa hata katika jiwe la Malindi. Wazee wetu walihesabu miongo ya Nairuzi na kuchunguza pepo za kusi na kaskazi kabla ya kung'oa nanga. Hawakuiambia bahari kwamba ni ya wafadhili. Semina tuikatae ikiwa haina maana, na mkataba tuukatae ikiwa ni wa kutunyonya. Kipimajoto tukiache kiseme.