Printa ya Kava na DVD
Mpiga picha za video wa harusi na kwaya pale Mwandoya, wilayani Meatu, asikimbilie printa ya bei chee. Nyingi hazina trei ya kuwekea diski, na ya leza haifai kabisa kwa kazi hiyo. Epson L805 inayo: ina matangi 6 ya wino, na huchapa moja kwa moja juu ya diski yenye uso mweupe uliotengenezwa kupokea wino. Stika ya karatasi? Ikibandikwa upande hata kidogo, diski huyumba ikizunguka. Joto la deki likiinua ukingo wa stika, diski inaweza kukwama humo humo. Kava la DVD, milimita 273 kwa 183, linaenea kwenye A4. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji achape diski moja ukiona.