Kaa Nyumbani, Lakini Chai Ichumwe

Jina la Mutahi Kagwe limerudi vinywani mwa watu wa Boito, Bomet, na safari hii si kwa ajili ya barakoa. Tangu Januari 2025 ndiye Waziri wa Kilimo, na mkulima wa chai wa Konoin anayeona bonasi yake ikiachwa nyuma na ya mwenzake wa Mlima Kenya ana mengi ya kumwambia. Mimi nikimsikia redioni bado narudi 2020, alipokuwa Waziri wa Afya akitusomea idadi ya wagonjwa wa Covid kila alasiri. Mwezi Machi mwaka huo alituonya kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa hautatutendea kama kawaida. Onyo kali, na la kweli. Ila kuna swali halikujibiwa: kawaida ya nani iachwe kwanza?

*

Mchai haujui kafyu. Uuache wiki mbili bila kuuchuma, jani linakomaa na kiwanda hakilitaki. Kwa hiyo shule zilifungwa, makanisa yakafungwa, mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15, lakini kazi ya chai ikaendelea. Kwenye kituo cha majani kuliwekwa mtungi wa maji na kipande cha sabuni, karani akavaa barakoa, na foleni ya mizani ikabaki vile vile, hasa mvua ilipotishia na kila mtu akataka gunia lake lipimwe kwanza.

Mwaka 2020 Kenya ilitoa zaidi ya kilo milioni 569 za chai, kutoka kama milioni 459 mwaka uliotangulia. Sifa ni ya mvua, sawa, na mashamba makubwa ya kampuni yana mashine zao. Lakini katika vishamba vyetu vya ekari moja au nusu ekari, jani halijichumi. Mwaka ambao taifa zima liliambiwa likae nyumbani, mchumaji wa huku alikuwa na kazi nyingi kuliko mwaka wowote aliowahi kuuona.

Sisemi ilikuwa vibaya. Majani yangeharibika na nyumba nyingi zingelala njaa. Ninachosema ni kwamba mama aliyebanana na wenzake mizanini Jumamosi, kisha Jumapili akaambiwa asiende kuimba, alikuwa na haki ya kuuliza kirusi kinazijuaje siku za wiki. Na faini ya kutembea bila barakoa ilikuwa hadi shilingi 20,000. Mtu anayelipwa kwa kilo alijua mara moja sheria hiyo haikutungwa na anayemfahamu.

*

Julai 2020 ibada ziliruhusiwa tena: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani pamoja na watoto walio chini ya 13. Yeyote anayejua makanisa ya Bomet anajua ukiwatoa hao umebaki na nani. Wazee wa kanisa ndio waliozuiwa mlangoni mwa nyumba waliyoijenga kwa michango yao.

Walikuwapo waliochukia waziwazi. Walisema wamekwisha kuishi, wamezika wenzao, na kifo kikija kitawakuta wakiomba. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao. Mzee anaweza kuichagua hatari yake mwenyewe. Muuguzi wa hospitali ya Longisa au Tenwek atakayeinama juu yake kumwekea oksijeni hakushirikishwa katika uamuzi huo. Wala mkaza mwana atakayemuuguza nyumbani kabla gari halijapatikana. Ujasiri unaolipiwa na mtu mwingine mimi siuiti ujasiri.

*

Haohao wazee, hata hivyo, walikuwa na televisheni. Oktoba 2020 waliona ripoti ya BBI, ya kurekebisha katiba, ikipokelewa kwa shangwe Kisii, kisha ikizinduliwa Bomas, huku kambi ya pili ya siasa ikizunguka nchi na mikokoteni na umati wake. Novemba 4, maambukizi yakiwa yamepanda, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku mikutano ya siasa kwa siku 60. Wakubwa walikwisha kuvuna walichotaka. Kwa mwananchi wa kawaida mambo yalikuwa mengine: mwezi Juni mamlaka ya kuwachunguza polisi, IPOA, ilikuwa imeshaeleza kwamba watu 15 wamekufa katika visa vinavyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze Machi 27. Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa miaka 13, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi.

Baada ya hapo unamwambiaje mtu wa bodaboda awajibike?

*

Majirani zetu Watanzania walikwenda njia yao. Mwaka 2020 waliacha kutangaza hesabu zikiwa wagonjwa 509, na Juni Rais Magufuli akasema ugonjwa umeondoka. Huku kwetu wengi walimshangilia kimoyomoyo, hasa wenye maduka. Julai 2021 mrithi wake, Rais Samia, alichanjwa hadharani.

Na sisi tulikuwa na wetu. Dkt. Stephen Karanja, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, aliipinga chanjo ya COVID-19 na kusifu kujifukiza, wakati maaskofu wa kanisa lake walikuwa wameikubali. Covid ilimuua Aprili 2021. Sitamcheka. Aliuishi msimamo wake hadi mwisho. Tatizo ni waliomsikiliza bila kuwa na daktari wa karibu.

*

Ningetaka tumkumbuke zaidi Dkt. Stephen Mogusu, miaka 28, aliyehudumu katika wadi ya wagonjwa wa Covid Machakos na kufa Desemba 2020. Wenzake walisema alikuwa amekaa miezi bila mshahara na hakuwa na bima ya afya. Wiki mbili baadaye madaktari waligoma, wakalaumiwa kwamba hawana huruma.

Tunapobishana huku nani alivaa barakoa na nani aliivuta kidevuni, tunaisahau hesabu ya waliotutibu. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020, nchi ilipowahitaji kwa haraka, mwaka 2025 walikuwa bado wamepiga kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, wakidai ajira ya kudumu.