Mikanju ya Wazee Isiachwe Ife

Nilipokuwa mdogo huko Magarini, marehemu babu alikuwa akichagua korosho nono, akaifukia ardhini, akangoja miaka. Hakuna aliyemweleza kwamba mbegu ya mkanju haimfuati mamaye: mti ujazao magunia huweza kuacha mwana asiyezaa kitu.

Wareno walituletea mkanju kutoka Brazili katika karne ya 16, nasi tukaufanya wetu. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa katika miaka ya 1990, mkulima alikosa soko la kutegemea, na mikanju mingi ikaachwa bila kupogolewa. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi. Lakini amri haiurudishii mti mzee ujana.

Dawa ni kupandikiza. Mti mkongwe hukatwa, kisiki kikachipua. Kisha kikonyo cha mti uzaao vyema hupachikwa kwenye chipukizi na kufungwa kwa utepe wa nailoni. Mizizi hubaki ya babu, matunda yakawa ya mjukuu. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, na wa Mtwapa, kaunti yetu hii hii, wanaijua kazi hiyo. Mbona basi elimu hii iishie vitaluni mwao?

Kuna watakaodai kwamba mtaala umejaa. La hasha! Kisu kikali, utepe na mkanju mmoja wa uani vyatosha kwa somo zima. Walimu, anzeni, wanafunzi, ulizeni. Wahenga walinena, mchumia juani hulia kivulini. Kivuli tulikirithi; jua ndilo tulilolikimbia.