Barabara za Mji ni za Nani?

Asubuhi moja ya mvua, mwanafunzi wangu aliingia katika chumba cha mtihani akiwa amechelewa dakika 40, viatu vyake vimejaa matope. Kosa halikuwa usingizi. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, lakini matatu ikakwama katika Barabara ya Uganda, hapa Eldoret, kati ya malori yaendayo Malaba na magari madogo yaliyobeba mtu mmoja mmoja. Akashuka, akatembea kando ya mtaro. Nilimruhusu aandike, ila muda wake haukuongezwa.

Tangu Agosti 2024, Eldoret ni jiji. Hata hivyo, hati ya jiji haimfikishi mtu darasani. Katika mazungumzo ya walimu wenzangu, jibu huwa jepesi: tuletewe tramu, yale magari ya umeme yapitayo juu ya reli zilizolazwa barabarani, kama huko Ulaya. Naomba tuitazame historia kabla ya kukitamani chombo.

Reli za barabarani si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na njia nyembamba za reli zilizounganisha Kilindini na Mji wa Kale. Juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa, vikisukumwa na Waafrika. Waliopanda walikuwa maofisa wa serikali na matajiri. Waliosukuma walikwenda kwa miguu. Reli ilikuwapo, lakini usafiri wa umma haukuwapo.

Sasa tuitazame Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio mpakani na Ujerumani. Mji huo uliacha tramu zake za zamani mwaka 1960 ili kuyapisha magari. Katika miaka ya themanini viongozi wakapanga reli ya chini ya ardhi, ambayo ingeyaacha magari yatambe juu. Mwaka 1989 Catherine Trautmann alichaguliwa kuwa meya baada ya kuahidi tramu badala ya reli hiyo. Wenye maduka wengi walipinga, wakihofia kupoteza wateja wenye magari. Hata hivyo, uwanja wa Kléber katikati ya mji ulifungwa kwa magari, waendao kwa miguu wakapewa nafasi, na mwaka 1994 tramu mpya ikaanza kazi. Sakafu yake iko chini, hata mzee huingia bila kupanda ngazi. Uamuzi mgumu ulikuwa ule wa kuigawa barabara. Ununuzi wa mabehewa ulifuata.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya matajiri hakosei sana. Addis Ababa ilizindua reli yake ya mjini mwaka 2015, na katika miaka iliyofuata magari yake mengi yakalala kwa kukosa vipuri. Dar es Salaam ilianza na mabasi mwaka 2016, ikayatengea njia yake katika Barabara ya Morogoro. Abiria wameyalalamikia kwa uchache na msongamano, lakini kama mwanaisimu navutiwa na jina waliloyapa: mwendokasi. Jina letu, matatu, latokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti 30. Sisi tulitaja tulicholipa. Wao wametaja walichotarajia kupata.

Kwa hivyo ombi langu kwa wapangaji wa jiji letu halihitaji reli. Itengwe njia moja ya Barabara ya Uganda kwa matatu na mabasi asubuhi na jioni. Ijengwe njia ya miguu isiyofurika maji. Tena, ardhi iliyo kando ya barabara kuu isigawiwe watu binafsi kabla ya kujulikana usafiri wa umma utapita wapi. Wenye magari, nami nikiwamo, tutanung'unika. Na tunung'unike.

Ndugu walimu na wanafunzi, wanaochelewa ni sisi, basi tuwe wa kwanza kuuliza. Siku tutakapomudu tramu, itaikuta njia yake imetengwa. La sivyo, tutarudi katika Mombasa ya vigari: wachache wameketi, wengi wanakanyaga matope.