Ampea Kumi kwa Kazi Gani? Maana ya Maandishi Yaliyo Juu ya Rilei



Tumepokea barua ya baba mmoja mwenye nyumba, nayo ina uchungu ndani yake. Aeleza kwamba nyumbani kwake yako matangi mawili ya maji, moja uani na la pili juu ya paa, na pampu ya nguvu ya farasi mmoja huyapandisha maji kutoka chini hadi juu. Alimpa kazi mtoto wa dada yake, kijana aliyejifunza ufundi wa umeme, ili pampu ile iwe ikiwaka yenyewe tangi la juu linapopungua, na kuzima yenyewe linapojaa. Kijana akatia boya ndani ya tangi na rilei ndogo ukutani, na mambo yakaenda vizuri muda wa miezi mitatu.

Ikafika usiku mmoja tangi likajaa, na pampu isizime. Maji yakamwagika usiku kucha, yakaingia stoo, yakaharibu unga na vitabu vya watoto. Tena tangi la chini lilipokauka, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka ikaungua. Mjomba asema mpwa wake amemwekea kitu duni ili abakize fedha. Kijana aapa ya kwamba rilei ile imeandikwa ampea 10, na pampu ikizunguka hutumia ampea 6 tu. Tangu siku hiyo hawaamkiani.

Basi atuuliza mambo mawili: Je, rilei ya ampea 10 yaweza kushindwa na ampea 6? Na ikiwa yaweza, kosa ni la nani? Swali la kwanza ndilo litakalotuongoza kulijibu la pili, kwa hiyo na tuanze nalo.

RILEI NI KITU GANI?

Rilei ni swichi isiyobonyezwa kwa kidole, bali huvutwa kwa sumaku. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Umeme mdogo upitapo katika koili, koili huwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma. Chuma kile husukuma vinundu viwili vya madini vikagusana, na umeme mkubwa ukapita. Umeme wa koili ukikatika, springi huvirudisha vinundu mahali pake vikaachana. Vinundu hivyo mafundi wetu huviita pointi. Jambo hili si geni: Joseph Henry wa Marekani alikwisha kutumia sumaku ya namna hii mwaka 1835, na simu za maandishi za karne ile zilitumia rilei ili habari iliyochoka njiani ipewe nguvu mpya ya kuendelea na safari.

Basi mwenye kuitazama rilei azijue sehemu zake mbili, asizichanganye. Koili ina volteji yake, mathalan volti 5, 12 au 230, nayo ni ya kuiamrisha tu. Pointi zina kipimo chao wenyewe, nacho ndicho mzigo ziwezao kuuwasha na kuuzima. Juu ya rilei nyingi ndogo utakuta imeandikwa ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu, na ampea 10 kwa volti 30 za mkondo mnyoofu. Mkondo geu ndio umeme wa majumbani, na mkondo mnyoofu ndio wa betri na wa sola. Maandishi hayo ni mafupi, lakini yamebeba masharti mengi yasiyoonekana.

SHARTI LA KWANZA: AINA YA MZIGO

Ampea 10 zile, isipokuwa imeelezwa vingine, ni za mzigo mpole. Mzigo mpole ni kama hita ya maji au pasi: ukiiwasha, hutumia umeme ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mota haina tabia hiyo. Mota iliyosimama, ili ianze kuzunguka, huvuta umeme uliozidi mara 5 hata mara 7 ya ule inaoutumia ikiwa imekwisha kushika mwendo. Ni kama mtu asukumaye mkokoteni uliosheheni mizigo. Taabu kubwa ni pale pa kuung'oa, na ukishakwenda huwa mwepesi.

Sasa na tufanye hesabu. Pampu ya msomaji wetu hutumia ampea 6 ikiwa inazunguka. Tukizidisha kwa 6, tutapata ampea 36 katika kitambo kidogo cha kuanza. Hizo ndizo zilizopita katika pointi za ampea 10 kila mara tangi lilipopungua.

Tena yafaa tujue ya kuwa pointi hazigusani mara moja zikatulia. Hugongana na kurukaruka mara kadhaa katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kama mpira uangukao sakafuni. Kila ziachanapo, cheche huruka baina yake, na cheche ya umeme ina joto la maelfu ya digrii. Hali fedha, ambayo ndiyo asili ya pointi nyingi, huyeyuka kwa digrii 962. Fedha iliyoyeyuka ikibanwa na kupoa, pointi mbili huungana zikawa kitu kimoja, kama zilizochomelewa. Springi ya rilei ndogo haina nguvu ya kuzitenganisha.

Hivyo ndivyo tuonavyo ilivyotukia usiku ule. Boya lilifanya kazi yake, koili ikakatiwa umeme kama ilivyopasa, lakini pointi zilikuwa zimeshikana, na umeme ukaendelea kupita. Na msomaji akiuliza, "Mbona fyuzi haikukatika?" jibu ni kwamba fyuzi hukatika umeme uzidipo kiasi, na pampu ilipokuwa ikijaza tangi lililokwisha kujaa haikuwa ikitumia umeme uliozidi. Fyuzi hailindi nyumba na swichi iliyokataa kuachia.

Hali kadhalika taa zina siri yake. Balbu za zamani zenye uzi huvuta zikiwa baridi umeme wa mara 10 hata 15 ya kawaida yake. Taa za siku hizi za LED hutumia umeme mdogo, lakini nyingi zina kapasita ndani yake, nazo zikiwashwa kwa pamoja hunyakua umeme mwingi kwa nukta moja. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwa wati chache zilizoandikwa juu ya boksi.

SHARTI LA PILI: AINA YA UMEME

Umeme wa majumbani kwetu hubadili mwelekeo wake bila kukoma, na katika kila sekunde moja hufika sifuri mara 100. Pointi ziachanapo na ulimi wa moto ukazuka baina yake, ulimi ule hupata nafasi ya kuzimika umeme ufikapo sifuri. Ama umeme wa betri na wa sola hauna sifuri hiyo. Ulimi wa moto ukishazuka huendelea kuwaka, mpaka pointi ziwe mbali vya kutosha au ziteketee. Ndiyo sababu rilei ile ile yakubali volti 250 za mkondo geu na volti 30 tu za mkondo mnyoofu.

Jambo hili twalisema kwa mkazo, kwa kuwa sola imeenea mijini na mashambani. Kijana akiunganisha mapaneli manne kwa mfululizo, na kila moja likitoa volti 40, atapata volti 160. Asiseme, "Mia na sitini ni chini ya mia mbili na hamsini." Hesabu hiyo ni ya umeme mwingine. Rilei hiyo haikuandikiwa kazi hiyo, na kuitia hapo ni kupanda moto juu ya paa la nyumba ya watu. Vifaa vya kukatia mkondo mnyoofu wa volteji kubwa viko, navyo huandikwa hivyo wazi; hivyo ndivyo vya kununua.

SHARTI LA TATU: UMRI

Pointi zina umri, nao hauhesabiwi kwa miaka bali kwa mara za kuwasha na kuzima. Rilei ndogo nyingi huahidiwa mara milioni 10 zikichezeshwa bila mzigo, lakini zikibeba mzigo wake kamili huahidiwa mara 100,000 tu. Laki moja yaonekana nyingi. Pampu iwakayo mara mbili kwa siku itachukua zaidi ya miaka 130 kuimaliza. Lakini ikiwa choo chavuja, au boya limewekwa vibaya hata pampu ikawa yawaka mara 10 kwa saa, hizo ni mara 240 kwa siku, na laki moja itakwisha kwa siku 416, yaani mwaka mmoja na siku hamsini hivi. Na hapo tumesema mzigo mpole. Mzigo mkali huipunguza ahadi hiyo sana. Bomba livujalo huharibu maji na umeme pia.

MAKOSA MAWILI YA KUEPUKA

Wako wanaosema, "Kama pointi moja ni ya ampea 10, tuziunganishe mbili sambamba, tutapata 20." Hesabu ni nzuri lakini pointi haziijui. Hazifungi wala hazifunguki kwa wakati mmoja kamili. Ile inayotangulia kufunga hupokea pigo lote la mwanzo, na ile inayochelewa kufunguka hupokea moto wote wa mwisho. Mzigo wa wawili hubebwa na mmoja, na wakati ule ule ulio mzito.

Wengine husema, "Basi daima tununue kubwa kabisa." Hilo nalo si dawa ya kila ugonjwa. Rilei za mizigo mikubwa huhitaji umeme wa kiasi fulani upite katika pointi ili utando wa uchafu upasuke. Ukizipa kazi ya kupitisha ishara ndogo mno, kama ya kengele au ya chombo cha kupimia, huenda zikagusana na umeme usipite. Kwa kazi hizo ziko rilei zenye pointi zilizopakwa dhahabu.

NJIA ILIYO SALAMA

Kwa pampu ya msomaji wetu, rilei ndogo si lazima itupwe. Yapaswa ipewe kazi ya kiasi chake. Na iwashe koili ya kontakta, na kontakta ndiyo iwashe mota. Kontakta ni ndugu mkubwa wa rilei, mwenye springi na pointi za nguvu. Juu yake huandikwa vipimo viwili: AC-1 kwa mzigo mpole, na AC-3 kwa kuwasha na kuzima mota. Mnunuzi wa pampu asome AC-3, kwani kile cha AC-1 ni kikubwa zaidi na humvuta asiyejua. Kisha aongeze kinga ya mota ya kukata umeme uzidipo, na boya la pili katika tangi la chini, ili maji yakikauka pampu isimame. Boya hilo likate njia iliyo mbali na pointi za kwanza, kwani mlinzi wa pili akipita mlango ule ule wa wa kwanza, wote wawili watazuiwa pamoja. Na kazi hii ifanywe na fundi aliyehitimu, umeme ukiwa umezimwa katika swichi kuu.

Kwa vijana wetu wanaojifunza, maswali ya kujiuliza dukani ni haya: Mzigo wangu ni wa aina gani? Huvuta kiasi gani pale unapoanza? Umeme wangu ni wa mkondo geu au mnyoofu, na wa volti ngapi? Utawashwa mara ngapi kwa siku? Asiyeweza kuyajibu manne haya asitoe fedha bado.

KOSA NI LA NANI?

Sasa twarudi kwa mjomba na mpwa wake. Kwa tuliyoelezwa, kijana hakusema uongo. Rilei ilikuwa ya ampea 10 kweli, na pampu ilikuwa ya ampea 6 kweli. Kumwita mtu mdanganyifu kwa kosa la kutojua ni dhuluma, na maneno hayo mjomba na ayarudishe.

Lakini kijana naye asijifiche nyuma ya kiapo chake. Aliyepokea kazi katika nyumba ya watu amepokea amana, na amana haitimizwi kwa kusoma nusu ya maandishi. Aliisoma tarakimu, hakuuliza masharti yake. Kwa hiyo twaona ni wajibu wake aifanye upya kazi ile bila ujira, na kontakta ainunue mjomba, kwa kuwa tangu mwanzo angepaswa kuilipia. Ama pampu iliyoungua na unga ulioharibika, hayo wakae na wazee wa ukoo wayagawane kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja.

Na katika kukaa huko, mpwa ndiye aanze kuamkia, kwani yeye ni mdogo. Na mjomba aitikie kabla salamu haijapoa. Vitabu vya watoto vitanunuliwa vingine, na pampu nazo ziko madukani. Mtoto wa dada haongezwi kwa fedha.

Wengine wenye maswali ya namna hii na watuandikie, nasi tutajibu kadiri tujuavyo.