Bash haisimami mpaka uiambie

Juzi nilikuwa nikisafisha seva ya zamani ya mteja mmoja hapa Nairobi (jina nitalihifadhi, bado nakula kwake) nikakuta kitu kilichonitoa jasho. Kila usiku saa nane, skripti niliyoiandika kwa mikono yangu ilikuwa ikitengeneza nakala rudufu ya hifadhidata ya duka lake. Faili zilikuwepo, zimepangwa kwa tarehe, moja kwa kila siku. Na kila moja ilikuwa na ukubwa wa baiti 20.

Baiti 20 ndio ukubwa wa utupu uliobanwa na gzip. Ndani hamna kitu. Zaidi ya miezi miwili nimekuwa nikihifadhi hewa, na kila asubuhi skripti hiyo hiyo inanitumia SMS: nakala iko sawa.

Mstari wenye matatizo ni huu:

mysqldump duka | gzip > duka-$(date +%F).sql.gz

Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, kwa hiyo mysqldump ilikataliwa ikafa. Upande wa pili wa kile kistari, gzip ilipokea utupu, ikaubana vizuri kabisa, ikaripoti kwamba kazi imekwisha salama. Amri zikiunganishwa hivyo, Bash husikiliza jibu la ile ya mwisho tu. Ujumbe wa kosa uliandikwa, ndiyo, lakini cron iliupeleka kwenye sanduku la barua la ndani ya seva ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifungua. Kisha ukafuata mstari wa kufuta nakala zenye umri wa zaidi ya siku 30. Mnaona ilikoelekea? Nakala nzuri zote zikafutwa, zikabaki tupu. Bahati yangu diski ya seva haikuharibika katika muda huo.

Mimi silaumu Bash. Wakalimani wa amri wa ukoo huu walitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kibodi. Hebu fikiria dirisha linajifunga kila unapokosea herufi moja ya jina la faili! Kwa mtu aliye macho, kuendelea baada ya kosa ni ustaarabu. Saa nane usiku, mwenye macho hayupo, na ustaarabu huo huo ni hatari. Ndiyo maana kuna swichi za kuanzia. Wenzetu wa Windows wanazijua kwa sura nyingine: cmd /c hutekeleza amri na kujifunga, cmd /k hutekeleza na kuliacha dirisha wazi usome kilichotokea. Ukiwahi kubofya faili la .bat, dirisha jeusi likapepesa na kutoweka, jaribu /k.

Kwa Bash, msimamo wangu ni huu: skripti yoyote inayoendeshwa bila mtu kuitazama ianze na -e, -u na -o pipefail. Ya kwanza inasema simama amri ikishindwa. Ya pili inasema simama ukikutana na jina ambalo halijapewa thamani. Ya tatu, iliyoingia Bash 3.0 mwaka 2004, inaifanya isikilize amri zote za mnyororo badala ya ile ya mwisho. Kwangu, -e na pipefail zingetosha: nakala nzuri zisingefutwa, SMS isingetumwa, nami ningeamka kuuliza kuna nini.

Wapo wanaosema -e haitegemeki, na wana hoja. Amri ikiwa ndani ya if, au kabla ya &&, -e hunyamaza. Hata hivyo angalia kilichoipata programu ya Steam kwenye Linux, Januari 2015. Skripti yake ilitafuta folda yake kwa cd, cd ikashindwa, njia ikabaki tupu, halafu ikafika kwenye rm -rf "$STEAMROOT/"* ambayo sasa ilimaanisha futa kila kitu kuanzia mzizi. Watu walipoteza faili zao. Hapo -u isingesaidia, maana jina lilikuwepo, ila lilikuwa tupu. -e ingeisimamisha palepale cd iliposhindwa. Mlinzi anayesinzia mara moja moja namchukua kuliko lango lisilo na mlinzi.

Tahadhari moja iliyonipotezea jioni nzima. Nilikuwa nimeandika #!/bin/bash -e juu ya faili nikadhani nimemaliza. Ukiiendesha kwa kuandika bash nakala.sh, mstari huo ni maoni tu, swichi zake hazisomwi. Ukiandika #!/usr/bin/env bash -e kwenye Linux, env itatafuta programu inayoitwa "bash -e", nafasi ikiwemo, isiipate. Kwa hiyo mimi sasa naweka set -euo pipefail kwenye mstari wa pili, ndani ya faili lenyewe, hapo haikimbii.

Wakati wa kutafuta kosa kuna bash -n, inayokagua sarufi bila kutekeleza chochote, na bash -x, inayoonyesha kila amri kabla ya kuitekeleza. Hiyo -x usiiache kwenye cron, itaandika hata nenosiri lako.

Kama una nakala rudufu zinazojitengeneza usiku, piga ls -l kwenye folda yake sasa hivi utazame safu ya ukubwa. Ukiona 20, karibu chamani.