Barazani kwa Karani: Serikali Inaishia Wapi?



Habari ya vyeti vya ubatizo, na ya wale wanaoandikisha mtoto mmoja kwa majina matatu, tutaimaliza juma lijalo. Leo napenda tuzungumze habari ya Serikali, na mahali inapopaswa kusimama.

Wazee wa huku kwetu wanaukumbuka mwaka 1954. Wakati ule Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Huo umezaliwa mwaka 2012 tu. Bariadi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Tarehe 7 Julai mwaka ule chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na mwaka ule ule Serikali ya Kiingereza ilitunga Sheria ya Vyama. Sheria hiyo ilitaka watu kumi au zaidi waliofanya chama chao wakiandikishe kwa Msajili. Asiyeandikishwa ni mvunja sheria. (Kwaya yetu ya hapa parokiani ina watu zaidi ya thelathini. Nashukuru hakuna aliyetuuliza karatasi!)

Basi TANU yenyewe iliandikishwa Dar es Salaam. Lakini matawi yake ya huku Usukuma yalipoomba kuandikishwa, yalikataliwa. Zuio hilo lilidumu mpaka mwaka 1958. Miaka minne mizima Msukuma alikatazwa kuwa na chama ambacho ndugu yake wa Dar es Salaam aliruhusiwa kuwa nacho, nchi moja, Gavana mmoja. Wala hawakupelekwa mahakamani kwanza ili kosa lao lithibitishwe. Ilitosha mwenye kalamu kusema hapana.

Kwa nini Usukuma? Maana huku watu walikuwa wengi, na walikuwa na mambo ya kusema. Tangu mwaka 1947 Serikali ilikuwa na mpango wake mkubwa wa kuendeleza Usukuma. Amri zilikuwa nyingi: limeni matuta, pandeni mihogo, pelekeni samadi shambani, punguzeni ng'ombe. Aliyekaidi alipelekwa mbele ya baraza la mtemi akatozwa faini. Mimi sisemi kwamba amri zote zilikuwa mbaya. Matuta huzuia maji yasiondoke na udongo wetu, na kila mwenye shamba mlimani analijua jambo hilo hata leo. Lakini kumwambia Msukuma apunguze ng'ombe zake, bila kumwuliza, tena bila kumwachia mahali pa kujibu, ni neno gani hilo? Ng'ombe ndiyo mahari ya kijana, ndiyo akiba ya mjane, ndiyo chakula cha mwaka wa njaa. Mtu akikosa pa kusema mchana atasema usiku, na Serikali itaogopa zaidi.

Ikawa hivyo. Watu walionyimwa chama cha siasa waliongea penye pamba. Wakulima walikwisha choka na mizani ya wanunuzi, iliyopunguza uzito wa pamba yao, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vikatokea vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkutano wa mizani ukawa mkutano wa mambo yote. Halafu mwaka 1958, kule Geita, Serikali ilipotaka kuweka baraza la wilaya la mataifa mbalimbali ambalo wenyeji hawakulitaka, watu walikwenda Mwanza kwa mamia kumwona P.C. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwisho wake baraza lile liliachwa, na zuio la TANU likaondolewa. Miaka minne ya kuwanyamazisha watu haikuwanyamazisha.

Mwaka ule ule wa 1958 Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu kwa kuwa aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa, alishtakiwa Dar es Salaam kwa ajili ya makala katika gazeti la Sauti ya TANU. Makala hayo yaliwasema mabwana shauri wawili. Hakimu alimpa adhabu ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa.

Sasa, wasomaji wangu, yako mambo ambayo hatupendi sana kuyakumbuka tunapoimba habari ya Uhuru. Waingereza waliondoka mwaka 1961, lakini Sheria ya Vyama ilibaki rafuni. Katiba ya Uhuru haikuwa na sura ya haki za raia. Viongozi wetu waliikataa, wakisema nchi changa ina kazi nyingi na mahakama zingeweza kuizuia. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumpeleka mahakamani. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 tu, na mahakama zikaanza kusikiliza kesi zake mwaka 1988. Hesabu mwenyewe: miaka 27 tangu Uhuru. Namheshimu Mwalimu kama mnavyomheshimu, lakini hapo nadhani walikosea. Mtu aliyekataliwa na Msajili wa mkoloni alipaswa kuwa wa kwanza kuukata mkono wa Msajili.

Na mkono huo haukukatwa. Mwaka 2018 maaskofu wa Kanisa la Kilutheri walitoa waraka wa Pasaka juu ya hali ya nchi, baada ya maaskofu wetu Wakatoliki kutoa ujumbe wao wa Kwaresima uliotaja kuzuiwa kwa shughuli za siasa. Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa barua ya Msajili wa Vyama, ikawataka Walutheri waufute waraka wao ndani ya siku 10. Watu wakashangaa. Waziri mwenyewe, Bwana Mwigulu Nchemba, aliikana barua ile na kumsimamisha kazi Msajili. Vema. Lakini Juni 2025 Msajili alifuta kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa amesema juu ya watu wanaotekwa na kupotea, na milango ikafungwa mpaka Novemba, Serikali ilipolifungulia. Wengine kati yetu hatuupendi mtindo wa mahubiri ya Gwajima. Mimi pia si mshabiki wake. Lakini kufuta kanisa zima kwa ajili ya hotuba ya mchungaji ni kuwaadhibu bibi na watoto waliokwenda kusali tu. Kama hotuba ina kosa la jinai, yuko hakimu.

Hapo ndipo inaponilazimu kutaja barua moja. Mzee mmoja, mwalimu wa dini katika kigango chake, ameniandikia akisema: watu wa dini nyingine wanapita nyumba kwa nyumba na vitabu vyao, wanawafikia vijana wetu, hawaimbi wimbo wa taifa, hawachangii siasa. Je, si halali tumwombe mwenyekiti wa kijiji awapige marufuku? Ninamheshimu mzee huyo. Amefundisha katekisimu miaka mingi, tena kwa baiskeli isiyo na breki. Lakini jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini.

Watu anaowasema ni Mashahidi wa Yehova. Mwaka 2007 wanafunzi zaidi ya 100 wa dini hiyo, katika shule za sekondari za nchi yetu, waliadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Wengine walifukuzwa kabisa, wengi wakasimamishwa masomo. Walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka 2010. Wakakata rufani. Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Haikuona sheria yoyote inayomlazimisha mwanafunzi kuimba, wala haikukubali kwamba kusimama kimya kwa adabu ni kuudharau wimbo.

Najua wengi watasema: wimbo ule ni sala, waombea Afrika na viongozi wake, una ubaya gani? Kwangu hauna ubaya wowote. Naupenda, na nikiusikia nasimama wima kama askari. Lakini neno si kama wimbo ni mzuri. Neno ni kama mwalimu anaweza kumshika mtoto kinywa na kukifungua. Sala iliyotolewa kwa kiboko si sala. Wala mapenzi ya nchi hayapandwi hivyo. Nami nilisomea ualimu, nimeona mtoto aliyechapwa ili aimbe. Aliimba. Macho yake yalikuwa mahali pengine.

Marekani nao walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1940 mahakama yao kuu iliamua kwamba shule zaweza kuwalazimisha watoto wa Mashahidi kuisalimu bendera. Mara watu katika miji mingi wakawavamia Mashahidi na kuwapiga, wakiona kwamba sasa wana ruhusa. Miaka mitatu baadaye, Juni 1943, vita kuu ikiwaka bado na kila mtu akiwa na ndugu vitani, mahakama ile ile iligeuza uamuzi wake na kusema mtoto asilazimishwe. Walifanya hivyo wakati wa vita! Sisi tunatafuta marufuku kijijini wakati wa amani, kwa ajili ya vitabu viwili vitatu vya rangi.

Na Kanisa letu lafundisha nini? Hapa nawaomba tuseme kweli. Zamani wengi wa wakubwa wetu walifundisha kwamba kosa halina haki, na kwamba mahali Wakatoliki wanapokuwa wengi Serikali yaweza kuwabana wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilichunguza jambo hilo kwa mabishano makali. Tarehe 7 Desemba 1965 hati juu ya uhuru wa dini ilikubaliwa kwa kura 2,308. Waliokataa walikuwa 70. Maana yake ni kwamba mtu, hata akikosea, asilazimishwe na mamlaka ya nchi kutenda kinyume cha dhamiri yake, wala asizuiwe kuifuata, mradi tu hawadhuru wengine. Haki hiyo haitoki kwa mwenyekiti wala kwa Msajili. Yatoka katika heshima ya mtu mwenyewe, jinsi alivyoumbwa. Kwa hiyo mwalimu wa dini anayeomba marufuku anaomba kitu ambacho Mama Kanisa amekwisha kukataa.

Kisha kuna jambo la akili ya kawaida. Mwenyekiti akipewa leo uwezo wa kuamua ni nani apite na kitabu, kesho ataamua habari ya jumuiya ndogondogo. Atauliza kwa nini mnakutana watu ishirini jioni, mnazungumza nini, nani kawapa kibali. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mtu mliyemfundisha ninyi wenyewe.

Dawa ya mahubiri ya mwenzako ni mahubiri bora. Kama kijana wetu anatikiswa na mgeni wa robo saa mlangoni, basi tumwulize ni nani aliyemfundisha kwa miaka kumi. (Mzee wangu asikasirike, nasema nasi sote.)

Je, Serikali haina kazi? Ina kazi kubwa. Katiba yasema uhuru wa mtu usivunje haki za wenzake wala usalama wa watu. Huku Usukuma tumeona vikongwe wakiuawa kwa macho mekundu, na watu wenye ualbino wakikatwa viungo kwa neno la mpiga ramli. Mtu asilete jina la mila wala la dini hapo. Serikali inapowakamata wauaji hao inatimiza wajibu wake, nasi tuisaidie kwa ushahidi. Wala tusidhani kwamba uwezo usio na mpaka ni wa wakubwa tu. Sungusungu walipoanza huku miaka ya 1980 walipunguza sana wizi wa ng'ombe, na watu wakawashangilia. Lakini mahali pengine walikuwa mashahidi, mahakimu na waadhibu katika usiku mmoja, na aliyesingiziwa alikosa pa kukimbilia.

Mwisho, kwa wale wanaouliza habari ya saa 48. Sheria ya mwaka 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, lakini si kwa sababu amemjibu vibaya mkutanoni. Lazima pawe na hatari ya kweli ya kuvunja amani ambayo haizuiliki kwa njia nyingine. Mtu huyo afikishwe kwa hakimu ndani ya muda huo. La sivyo aachiwe. Mkuu anatakiwa kuandika sababu zake. Kwa hiyo ndugu akishikwa, jamaa waende kituoni watu wawili au watatu, kwa upole, waulize ni nani aliyetoa amri na sababu iliyoandikwa ni ipi. Waandike siku na saa aliyoingia. Asiyejua kuandika aje na mtoto wa shule. Na karatasi hiyo waitunze, maana hakimu ataiulizia.